Kamba Ilivutwa Mara Ngapi

Siku Orrin Haskell alipoonekana kwa mara ya kwanza na kofia ndefu nyeusi ya waheshimiwa, mji mzima wa Harlow ulicheka. Walicheka kwa mapenzi, kama watu wanavyomcheka mtoto wao aliyevaa viatu vya baba yake. Mtu mfupi, mnene, ambaye juzi tu walimwona akitembea juu ya magogo mtoni, leo amejibandika bomba la jiko kichwani. Mwenyewe aliivua, akachungulia ndani, akasema mna nafasi ya kuku wawili na mayai yao. Wakacheka tena.

Alvah Teague hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha kupimia magogo, fimbo ya vipimo mkononi, mguu wake mbovu ameuegemeza kwenye kizingiti. Alichowaza ni kimoja tu, kwamba kofia ile ingemkaa yeye vizuri zaidi. Yeye alikuwa mrefu. Orrin aliivaa kama kifuniko cha chungu.

Ndivyo ugonjwa ule unavyoanza, nanyi mlio na watoto mnaogombania sahani muangalie sana. Huanza na kitu kidogo kama kofia, tena kofia ambayo mtu hata hakuwahi kuitaka.

Kwa Alvah, hata hivyo, ulikuwa umeanza zamani, miaka ishirini na moja kabla ya kofia. Yeye na Orrin walikuja Wisconsin pamoja kutoka Maine, jimbo la mashariki ya mbali ya Marekani, vijana, katika behewa moja, wakigawana mkate na soseji moja waliyoikata kwa zamu. Wakati wa theluji walikata misonobari kambini. Theluji ikiyeyuka walishuka na mto wakiyaswaga magogo kama watu wanavyoswaga ng'ombe, miguuni buti zenye njumu za chuma ili wasiteleze. Wote wawili walikuwa wepesi. Ila mwepesi zaidi alikuwa Alvah, na Orrin mwenyewe alilisema hilo kila mahali, akimsifu mwenzake kama mtu anavyomsifu farasi wake.

Mwaka wa elfu moja mia nane na sitini na tisa, barafu ilipokatika, magogo ya majira mazima yalikwama mahali mto unapobanwa na miamba miwili. Yalirundikana hadi kimo cha kanisa. Mkwamo wa namna ile huwa na gogo moja lililoyashika mengine yote, na lazima mtu ashuke na shoka, kamba kiunoni, akalikate. Mwenzake hukaa juu ya mwamba ameishika kamba. Chini zaidi, kwenye kona ya mto, huwa kuna watu ndani ya maji wakifungua njia. Hao sharti watoke kwanza. Wakishatoka wote, msimamizi wao hupuliza baragumu la bati. Aliye chini na shoka hasikii kitu kwa ngurumo ya maji. Anayesikia ni yule wa juu, naye huvuta kamba mara mbili. Ukivutwa mara mbili, kata. Mtu wa mto alilijua hilo kabla hajajua kunyoa ndevu.

Aliyeshuka siku ile alikuwa Alvah. Aliyeshika kamba alikuwa Orrin. Ng'ambo alisimama tajiri mwenye magogo yale, Bwana Ludlow, saa ya mfukoni mkononi, akitazama. Alvah alijua anatazamwa. Akaikunja mikono ya shati, akangoja. Kamba ikakaza kiunoni, akakata.

Rundo lote likapasuka kwa mshindo wa radi. Orrin alimvuta juu, lakini gogo moja lilimuwahi pajani, naye akazimia. Shoka lilikuwa bado linaning'inia kwenye kifundo cha mkono wake kwa ugwe. Orrin akaufungua ule ugwe ili aufungie mguu uliokuwa unatoka damu, na ndivyo Bwana Ludlow, alipovuka kwa mtumbwi, alivyowakuta: mtu mmoja amelala, mmoja amesimama na shoka. Katika ukungu wa maji hakuwa amemtambua aliyeshuka. Akampa mkono aliyesimama.

Jioni ile walimpata Sivert Tveit, kijana wa Kinorwei, kwenye kona ya mto. Magogo yalimkuta bado yuko majini. Baragumu lilikuwa halijapulizwa. Walimzika ukingoni, wakatundika buti zake kwenye msonobari juu ya kaburi, kama desturi ya watu wa mto.

Alvah alilala wiki sita na homa katika nyumba ya wapangaji ya Bi Purdy, akiuguzwa na mpwa wa mwenye nyumba, Persis, ambaye baadaye alimwoa. Alipoinuka, habari ilikuwa imekwisha kukauka kama udongo wa tanuri. Aliyekata ni Orrin, na Alvah aliumizwa juu ya mwamba akimvuta. Orrin alidhani amesikia baragumu, hakungoja kamba. Alikiri mbele ya wakubwa wa mji, akaenda kwa mama yake Sivert akapiga magoti. Wakubwa wakasema ngurumo ya maji inaweza kumdanganya yeyote. Bwana Ludlow akampa unyapara wa kambi.

Orrin alikuja kumtazama mgonjwa na mfuko wa tufaha. Alikaa kwenye kiti akiizungusha kofia yake magotini, akasema, "Alvah, kuna jambo inabidi tuliongee, mimi na wewe."

Alvah akageukia ukutani. Aliiambia nafsi yake kwamba ni hasira. Orrin alikaa, akakaa, akaacha tufaha akaenda zake.

Kutoka unyapara Orrin alinunua msitu mdogo. Kutoka msitu, kiwanda cha kupasua mbao, misumeno miwili, kisha sita. Akajenga nyumba nyeupe yenye baraza pande tatu. Akawa mkubwa wa kamati ya daraja, akawa meya, akaenda Madison kwenye baraza la jimbo vipindi viwili, akarudi na hadithi za waheshimiwa wanaosinzia vikaoni huku wameshika kalamu. Sasa aligombea useneta wa jimbo. Naye Alvah alikuwa mpimaji wa magogo katika kiwanda chake. Orrin ndiye aliyempa kazi, kazi ya heshima, ya kukaa, kwa sababu ya mguu.

Hapo palikuwa na kidonda. Angefukuzwa, angekuwa na la kusema. Kila asubuhi Orrin alipita kibandani akasema, "Habari za mguu, mzee?" na Alvah akajibu, "Upo." Alimwonea wivu nyumba, akamwonea wivu baraza, akamwonea hata tumbo, kwa jinsi lilivyotangulia mlangoni na watu wakasogea kando. Mwaka Orrin alipoumwa jino, Harlow nzima iliuliza habari za lile jino. Alvah aling'olewa mawili mwaka uleule, na aliyejua ni Persis na koleo.

Lakini kilichomkereketa zaidi ni ile hadithi. Kila kampeni Orrin aliisimulia: mwamba, maji, shoka. Shoka lenyewe lilitundikwa ofisini kwake, juu ya dawati. Aliisimulia vizuri mno, kwa mikono na macho, mpaka watu waliokuwapo siku ile waliona kumbe hawakuwapo. Kisha mwishoni hushusha sauti, huvua kofia, husema, "Mtu alikufa siku ile. Namchukua mabegani mwangu mpaka leo." Wanawake hufuta macho kwa ncha za aproni.

"Hata machozi kanichukulia," Alvah alimwambia mkewe siku moja, mezani.

Persis alikuwa akipakua maharage. Aliweka kijiko chini. "Yapi hayo machozi, Alvah? Ya Sivert? Unayataka na hayo?"

Alvah akavuta sahani yake.

Mama yake Sivert, mjane Marit Tveit, alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Mwanamke mkavu, mnyoofu, mwenye kuku wengi. Jumamosi aliwaletea mayai, na Krismasi chapati za viazi za kwao zilizopakwa siagi na sukari. Kila mwaka kabla ya theluji gari la kiwanda lilimletea mabanzi ya kuni, na Orrin mwenyewe alikuja nalo, akavua koti, akayapanga ukutani moja moja mpaka shati likamnata mgongoni. Kisha Marit humpa kahawa, wakakaa jikoni bila maneno mengi.

Alvah alisimama nyuma ya pazia. "Mtazame. Anatafuta kura."

"Wanawake hawapigi kura," Persis akasema. "Toka dirishani, utalitoboa kwa macho."

Mwaka ule wa useneta, mpinzani wa Orrin alikuwa wakili mmoja mwembamba kutoka mji wa juu, mtu asiyejua hata gogo linaelea upande gani. Kila mtu alijua Orrin anapita. Alvah aliona barabara yote mbele yake: Orrin seneta, kisha jina la Orrin juu ya daraja jipya, kisha sanamu ya Orrin na shoka mkononi, na njiwa juu yake, na watoto wakiambiwa huyu ndiye. Hakulala vizuri. Alipopima magogo alikosea, akarudia, akakosea tena.

Mkutano mkubwa ulikuwa Jumamosi mchana, siku tatu kabla ya uchaguzi, katika uwanja wa kiwanda. Walijenga jukwaa kwa mbao mpya zilizonukia utomvu. Kulikuwa na bendi, pai za tufaha, na pipa la maji ya matunda ambalo wazee walikuwa wameliongezea nguvu kwa siri. Orrin akapanda na shoka lake. Mbele kabisa, kwenye kiti alichowekewa, alikaa Marit Tveit na shali yake nyeusi, kama alivyokaa kila kampeni.

Orrin alianza kusimulia. Alipofika pale, "nikashuka, kamba kiunoni," Alvah aliona miguu yake mwenyewe inatembea. Watu walimpisha kwa sababu ya kuchechemea kwake. Alipofika chini ya jukwaa akasema, "Lete hilo shoka."

Orrin alikatiza. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba Alvah naye anagombea, na kikapita kicheko.

"Lete shoka, Orrin. Kama ni lako."

Orrin alimtazama kitambo. Kisha akainama, akampa, mpini mbele.

Alvah akalishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa alikuwa mtu wa kushoto, na wote walijua. Akaligeuza ili waone ule mpini alivyouchonga mwenyewe ujanani, uliovimba mahali kiganja cha kushoto kinapokaa. Akawaita wakata miti wawili wazee waushike kwa mkono wa kulia. Waliushika, wakatazamana. Mmoja akasema, "Huu utakuvunja kidole." Mwingine akasema shoka kama hili mtu wa kulia hakati nalo hata kuni za chai.

"Mimi ndiye niliyeshuka," Alvah akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyopanga. "Yeye alishika kamba. Miaka ishirini na moja anakula jasho langu mbele yenu na mnampigia makofi."

Bendi ilikuwa imenyamaza. Orrin alisimama na mikono mitupu, na bila shoka lile alionekana mtu mzima mnene aliyevaa kofia isiyo yake. Alvah aliona. Nasema kweli, katika maisha yake yote hakuwahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile.

"Ni kweli," Orrin akasema. "Alvah ndiye aliyekata."

Ndipo Marit Tveit aliposimama. Mume wake alikuwa mtu wa mto, na mwanawe vilevile. Hakuna aliyehitaji kumweleza kitu. Hakumwangalia Orrin. Alimgeukia Alvah, jirani yake wa miaka mingi.

"Basi Orrin alikuwa na kamba," akasema taratibu. "Wewe ulivutwa mara ngapi?"

Uwanja mzima ulikielewa kile alichouliza. Kama alivutwa mara mbili, Orrin ndiye aliyetoa ruhusa bila baragumu, na Orrin ndiye aliyemuua Sivert. Kama alivutwa mara moja, basi aliyekata bila kungoja ni yeye aliyekuwa na shoka.

Alvah alijua. Alikuwa anajua tangu ile siku alipougeukia ukuta. Kamba ilikaza mara moja. Aliingoja ya pili, akamwona Bwana Ludlow ng'ambo akitazama saa yake, na mikono yake ikakata. Alikuwa ameipitia siku ile mara elfu kichwani, na kila mara alipofika kwenye kamba aliruka, kama mtu anavyoruka ngazi iliyooza katika nyumba yake mwenyewe. Sasa amesimama juu yake.

Juu ya jukwaa Orrin alikuwa anamtazama, bila hasira, anangoja kama wengine.

"Mara mbili," Alvah akasema.

Minong'ono ikapita uwanjani. Marit akageuza shingo polepole kuelekea jukwaani. Orrin aliivua ile kofia ndefu, akaishika kifuani.

"Akisema mbili, Mama Marit," akasema, "basi ni mbili."

Marit alikaa kidogo, akainuka, akaenda nyumbani peke yake. Hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Watu walitawanyika na pai zimebaki mezani. Alvah alitafuta fimbo yake ya vipimo, ingawa hakuwa na cha kupima, na huko kibandani Orrin akamfuata. Alivuta kigoda akakikalia. Bila shoka na bila watu alikuwa Orrin yule wa behewa la Maine.

"Niliteleza," akasema. "Pale juu ya mwamba. Jiwe lilikuwa na ukoko wa barafu, nikateleza, kamba ikakaza. Sikuvuta hata mara moja, Alvah. Wala sikujua wewe ulisikia nini chini kule. Nilikuja na tufaha zile nikuulize."

"Ulikuja umeshapewa mkono na Ludlow."

"Nilikuwa nimeshapewa, ndiyo. Mkono ulikuja mchana, maiti ikaja jioni. Mkono niliupokea, siwezi kusema sikuupenda. Maiti ilipokuja nikaona siwezi kuchukua kimoja nikakuachia wewe kingine, nawe umelala hujitambui. Nikachukua vyote." Akajifuta uso. "Wewe umekuja leo kuchukua mkono tu, maiti ukaniachia."

Orrin aliinuka, akakirudisha kigoda mahali pake, akamwambia Jumatatu kuna shehena ya mialoni ya kupima, aje mapema.

Nyumbani Persis alikuwa anachambua njegere. Hakuinua kichwa.

"Wiki sita nilikukanda kwa vitambaa vya maji," akasema. "Usiku na mchana ulikuwa na neno moja mdomoni. Moja, moja tu. Nilidhani unahesabu kitu. Nilipoolewa nawe, ukaniambia ni wewe uliyeshuka, ndipo nikaelewa, nikasema moyoni, ataniambia mwenyewe siku moja." Akaitikisa sufuria, njegere zikasawazika. "Leo nimesikia umesema mbili."

"Ungefanya nini wewe, Persis? Mbele ya watu wote wale?"

"Mimi singekwenda."

Jumanne yule wakili mwembamba alishinda kwa kura chache sana. Orrin alimpelekea barua ya pongezi, akarudi kwenye misumeno yake. Watu sasa walimpisha Alvah njiani. Kwa kinyozi walimtaka asimulie, naye akasimulia, na alipofika kwenye kamba alisema mbili, na kila alipoisema ilimtoka kwa shida zaidi. Mwalimu wa shule alimwomba aje aongee na watoto. Kila alichokitaka kilimjia mkononi, akaona ni kizito, tena kina harufu. Jioni alikaa na Persis mezani, na Persis alimhudumia kila kitu, chumvi, mkate, kahawa, kwa adabu kama mpangaji wa Bi Purdy.

Gari la mabanzi lilipokuja, Marit alisimama mlangoni akamwambia Orrin arudi nalo. Alvah aliona kutoka nyuma ya pazia. Orrin hakubisha. Aligeuza farasi. Na Alvah, aliyeingojea aibu ile nusu ya maisha yake, aliondoka dirishani bila kuambiwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Marit alikuja kwao na kikapu cha mayai. Alikisukumia mezani, akabaki amesimama.

"Nina ombi, Alvah. Zile buti za Sivert. Nimetaka zishushwe siku nyingi, nizizike pamoja naye kabla sijafa, maana upepo unazila. Sikuwa na wa kumwomba. Orrin nilimwona kama mwanangu, lakini sikumwomba hilo, sijui kwa nini. Sasa najua. Nataka azishushe mtu aliyeniambia ukweli."

Persis aliinuka akaenda kusimama kwenye jiko, amewapa mgongo.

Wakaenda mchana uleule, watatu, na ngazi juu ya mkokoteni. Mto ulikuwa umeanza kuganda kingoni. Buti zilikuwa juu kuliko Alvah alivyokumbuka, na msonobari ulikuwa umenenepa ukazikumbatia, ngozi imekuwa nyeusi kama mkaa, njumu zimeingia ndani ya gome. Marit alilitazama lile paja bovu, akasema hatamwacha apande hivihivi. Alitoa kamba kikapuni, akamfunga kiunoni kwa fundo la watu wa mto, akarusha ncha yake juu ya tawi nene, akaipitisha nyuma ya shina la mti mwingine, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili.

"Panda taratibu. Ukishazitoa na uko tayari nikushushe, vuta mara mbili," akasema. "Masikio yangu siku hizi hayafai."

Alvah alipanda. Huko juu upepo ulikuwa unauma. Alichokonoa gome kwa kisu, njumu moja moja, mpaka buti zikaachia, akazifunga shingoni kwa kamba zake. Zilikuwa ndogo. Hakuwahi kuwaza kwamba Sivert alikuwa na mguu mdogo vile. Chini alikiona kitambaa cheupe cha kichwani cha Marit, na Persis pembeni amejikunyata kwenye koti, wote wawili wamemwinulia nyuso.

Akashika kamba akavuta mara moja.

Marit alikaza mikono, akangoja.

Mkono wa Alvah ulibaki juu ya kamba. Ilikuwa kazi ndogo mno, ya kuinamisha kiganja tu. Alijaribu. Kiganja hakikutii. Buti za Sivert ziligongana taratibu kifuani mwake. Marit aliendelea kungoja, hakulegeza hata kidogo, kama inavyotakiwa, kama mtu yeyote aliyelelewa kando ya mto anavyojua kungoja.

"Vuta ya pili, Alvah," akaita. "Nimesikia moja tu."

"Ilikuwa moja tu, Mama Marit," Alvah akasema.

Hakusikia, kwa upepo na masikio. Ikabidi aseme tena kwa nguvu, mpaka sauti ikavuka maji ikarudi. "Moja. Siku ile. Nilivutwa mara moja nikakata."

Persis alijiziba mdomo kwa ukosi wa koti. Alvah alikumbatia shina, akafumba macho, akangoja kamba ilegee aanguke. Aliona ni haki yake.

Kamba haikulegea. Baada ya muda mrefu ilianza kwenda, shubiri kwa shubiri, na miguu yake ikatafuta vidato vya ngazi. Alipogusa ardhi Marit alikuwa bado ameishika, viganja vimechunika. Alizitoa zile buti shingoni mwake bila kumgusa ngozi, akazipangusa kwa shali, ndani na nje.

"Sasa nenda kwa Orrin," akasema. "Mwambie alete mabanzi. Na wewe uje nayo, uyapange."

Akapiga magoti kwenye majani yaliyoganda, akaanza kuchimba kwa kijiko cha bustani alichokuja nacho. Persis akapiga magoti kando yake. Alvah alichukua njia ya kiwandani, akichechemea, kamba bado iko kiunoni, na hakukumbuka kuifungua mpaka Orrin alipomwonyesha.